Kabla hujamwita fundi: tulivyoibadilisha nyumba ya mama baada ya kiharusi

Mama yetu alikuwa na miaka 74 kiharusi kilipompata. Upande wa kushoto ulilegea, mkono zaidi kuliko mguu, na kwa muda maneno yalimtoka kwa shida kabla ya kurudi. Alilazwa, akahamishiwa hospitali ya rufaa, na siku ya kuruhusiwa tukapewa dawa za presha, karatasi ya mazoezi na tarehe ya kurudi kliniki. Hakuna aliyetuuliza anaishi nyumba ya namna gani. Naandika kwa sababu hiyo. Watu wengi hapa Uganda hutoka hospitali wakiwa na nguvu za kuishi miaka mingi, kisha nyumba wanayorudi ndiyo inayowafunga kitandani.

Nyumba ya mama iko Busia, upande wa Uganda, si mbali na mtaa wa Sofia. Marehemu baba aliijenga kwa matofali ya kuchoma, na varanda akaiinua juu kwa kuwa mvua kubwa ikinyesha maji hujaa uani. Milango ya nje ni ya chuma, ile yenye fremu inayopita mpaka chini ikawa kizingiti. Choo cha shimo kiko nyuma, kimeinuliwa kwa ngazi tatu, na bafu limeshikana nacho, sakafu yake imepigwa niru mpaka inang'aa. Ni nyumba nzuri, na kwa mtu mwenye miguu miwili mizima haina tatizo lolote.

Kwanza tulibishana akae wapi. Ndugu wengi walitaka nimchukue kwangu, kwa kuwa mimi ndiye binti na naishi karibu. Mama akakataa. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake wa kiume, sembuse kuogeshwa na kupelekwa haja katika nyumba ambayo mkwe anapita mlangoni. Kaka yangu mkubwa yuko Kampala, amepanga ghorofa ya tatu na hakuna lifti. Wapo walioona mama ni mkaidi. Mimi naamini alituokoa, maana mzee aliyekwisha kupoteza nusu ya mwili asinyang'anywe na heshima yake pia, na majirani aliokaa nao miaka arobaini nao ni dawa. Kwa hiyo ikabaki nyumba yake, na nyumba ndiyo ibadilike.

Tulichanga pesa kwenye kundi la ukoo, na kazi ya kwanza ikawa rampu, yaani mteremko badala ya ngazi, ya mlango wa mbele. Kila mtu aliiona ni jambo la wazi: kiti cha magurudumu, ngazi, basi rampu. Fundi alifika asubuhi, akapanga mawe na matofali, akamwaga zege, na kufikia jioni kazi ilikuwa imekwisha. Varanda ya mbele ina urefu wa sentimita 42 kutoka chini. Rampu ile ilikuwa na urefu wa mita moja na nusu.

Nataka usimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za familia nyingi zinapozikwa. Kanuni inayofuatwa na wajenzi wanaolijua jambo hili ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Varanda ya sentimita 42 inataka rampu ya mita tano na zaidi. Kwa mita moja na nusu, mtu hawezi kujisukuma mwenyewe, na anayemsukuma inabidi awe na kifua cha kijana. Kushuka ni kubaya zaidi, kwani kiti kinavuta mbele na mgonjwa anainamia magoti yake. Tulipojaribu, vijana wawili walikishika kiti, na mama akafumba macho mpaka chini. Hakutaka kuipanda tena.

Aliyetufungua macho hakuwa fundi wala daktari. Wanaoijua Busia wanawajua watu wa baiskeli za miguu mitatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wa miguu wamekuwa wakivusha mizigo ya wafanyabiashara mpakani kwa baiskeli hizo, tangu zamani kabla hata ya kituo kipya cha pamoja cha mpaka kufunguliwa mwaka 2018. Mmoja wao, mtu mzima sasa, alikuwa akinunua chai kwa mama enzi mama alipokuwa anaiuza. Alikuja kumjulia hali. Aliitazama rampu ya mbele bila kusema neno, akazunguka na baiskeli yake mpaka nyuma, kisha akamuuliza mama mwenyewe, si sisi:

"Mama, usiku ukibanwa unapita wapi?"

Mama akamjibu, "Napita nyuma, mwanangu. Kwani choo kiko mbele?"

Tulikuwa tumetumia pesa kutengeneza mlango wa wageni. Mama alikuwa anahitaji njia ya kutoka kitandani mpaka chooni. Yule mzee wa baiskeli akatuambia jambo ambalo naliweka mbele ya mengine yote: kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, kaa na mwenye nyumba siku nzima, kuanzia anapoamka hadi usiku wa manane, uandike kila mahali anapokwenda, anaposhika, anapokwama na anapoogopa. Umuulize na yeye anataka kufanya nini peke yake kwanza. Mama hakutaja sebule wala kanisa. Alisema anataka kwenda haja bila kushikwa na mtoto wake wa kiume.

Tulifanya hivyo. Ilitushangaza jinsi mambo yaliyomsumbua sana yalivyokuwa hayahitaji pesa.

Kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani upande wake wa kulia, ule wenye nguvu, na kila akitaka kushuka ilibidi atue kwa upande uliolegea. Tulikigeuza, akawa anashukia kulia, kiti kikisubiri upande huohuo. Siku ile ile aliweza kuinuka kwa msaada wa mtu mmoja badala ya wawili. Kitanda chenyewe kilikuwa chini mno, magoti yakipanda juu ya nyonga, na mtu mwenye mguu dhaifu hawezi kusimama kutoka hapo. Seremala alitengeneza magogo manne yenye shimo juu, miguu ya kitanda ikaingia humo, ili kisiteleze. Urefu mzuri ni ule ambao mtu akiketi ukingoni, nyayo zinakanyaga chini zote na magoti yanakaa sawa na nyonga. Kwa watu wengi ni kati ya sentimita 45 na 50, godoro likiwa limeshakandamizwa. Mpime mwenye kitanda.

Mapazia ya milangoni tuliyakata. Sisi tunapenda pazia refu linalofagia sakafu kila mlango, na ni urembo wa nyumba, lakini magurudumu hulimeza na miguu inayoburutwa hujinasa humo. Mikeka na vipande vya kapeti navyo vikaondoka. Kandambili vilevile, mama alinunuliwa viatu vya mpira vyenye mkanda nyuma ya kisigino.

Mlango wa chumba chake ulikuwa sentimita 70 kwa tepu, lakini ukifunguka, ubao wenyewe unakula nafasi, zikabaki kama 65. Kiti cha magurudumu cha mtu mzima kina upana wa kama sentimita 65, na vidole vya anayejisukuma viko nje ya magurudumu. Alikuwa akitoka na ngozi ya vidole imechubuka. Kiasi kinachopendekezwa ni nafasi wazi ya sentimita 80 angalau, na 90 ni bora. Kupanua mlango si kazi ya kubomoa tu, kwa sababu juu yake kuna linta, boriti inayobeba ukuta juu ya mlango, na ukipanua shimo kuliko linta ilivyo, ukuta unakaa juu ya hewa. Fundi wa pili, ambaye tulimpata kwa kuona kazi yake kwenye zahanati moja, aliweka linta mpya iliyoingia ukutani pande zote mbili kabla ya kugusa fremu ya zamani. Muulize fundi wako swali hilo la linta kabla ya kukubaliana bei. Akibabaika, tafuta mwingine. Kama pesa hazitoshi, ng'oa ubao wa mlango uache uwazi wenye pazia fupi, utapata sentimita chache za bure.

Mlango wa nyuma ulitufaa kuliko tulivyotarajia. Ardhi ya nyuma imepanda, kwa hiyo toka sakafu ya ndani mpaka uani ni sentimita 18 tu. Kwa kanuni ileile rampu ya mita mbili na kidogo ilitosha. Kizingiti cha chuma kilikatwa na fundi wa kuchomelea, fremu ikafungwa upya pembeni kwa zege ili isilegee. Rampu ina upana wa sentimita 120, kingo zimeinuliwa kidogo ili gurudumu lisichepuke, na juu haikupigwa niru. Fundi aliitaka niru, kwani mafundi wetu huona aibu kuacha kazi isiyong'aa, ila tulisimama juu yake mpaka akaipiga ufagio zege likiwa bado bichi, mistari ikakata njia kwa upana. Hata mvua ikinyesha mguu unashika. Zege tulilimwagilia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima kabla ya kulipitia, kwa sababu zege linalokauka haraka kwenye jua la Busia hupasuka.

Kutoka hapo mpaka choo tulijenga njia ya zege yenye upana ule ule, na kando yake tukasimamisha reli ya miti ya kalitusi, urefu wa sentimita 90, upande wa kulia wa kwenda. Wakati wa kurudi, kulia kwake kunakuwa upande mwingine, kwa hiyo reli ni mbili. Wengi huisahau hii kwa mgonjwa wa kiharusi: mkono mmoja ndio unaofanya kazi, na huo mkono haubadiliki akigeuka. Miti tuliipaka oili chafu sehemu inayozikwa, maana mchwa wa huku hawana huruma. Taa ya sola iko juu ya mlango na nyingine juu ya choo, kwa kuwa umeme hukatika na gizani ni rahisi mzee kuanguka.

Choo chenyewe kilitusumbua kuliko vyote. Kuchuchumaa hakuwezekani tena. Mtu mmoja alituletea kiti cheupe cha plastiki kilichokatwa tundu katikati. Usikitumie. Miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji, na plastiki iliyokatwa hupasuka ghafla chini ya uzito. Tulijenga kiti cha matofali juu ya tundu, sentimita 45, kikapigwa plasta na kuwekewa vigae ili kioshwe kwa urahisi, na mbele tukaacha mwanya kwa sababu mama hujisafisha kwa maji. Wajukuu wanaopendelea kuchuchumaa walilalamika, kwa hiyo kama choo ni cha watu wengi, mwambie mchomeleaji akutengenezee kiti cha chuma cha miguu minne yenye mipira chini, kinachowekwa na kuondolewa. Ngazi tatu zikabomolewa, mahali pake tukajaza marram, udongo wa changarawe, iliyoshindiliwa na kumwaga zege juu, kwa mteremko mrefu unaoanzia mbali.

Sasa vishikio, nalo hili ni la hatari. Fundi wa kwanza alipiga bomba ukutani kwa skrubu na plagi za plastiki. Tofali la kuchoma ni laini, plasta nayo ni ganda tu, na mtu anayejivuta huweka uzito wake wote hapo. Kilitoka siku ambayo kaka yangu alikijaribu kwa kukining'inia, na namshukuru Mungu kwamba ni yeye. Kishikio kinachobeba mtu kinapaswa kupita ukuta mzima kwa bolti ndefu, na upande wa nje kuwe na bamba la chuma, au kiwe nguzo iliyozamishwa sakafuni kwa zege. Tulitumia bomba la mabati la inchi moja na nusu kwa nguzo mbili, kulia na kushoto kwa kiti, zikiunganishwa ukutani. Acheni nafasi ya sentimita nne au tano kati ya bomba na ukuta, kiganja kizunguke bila mkono mzima kuingia na kunasa.

Milango ya choo na bafu tuliigeuza ifungukie nje. Mtu akianguka ndani na mlango unafungukia ndani, mwili wake ndio unaouzuia, na mnabaki mnamsikia bila kumfikia. Komeo nalo ni la aina inayofunguliwa na sarafu kutoka nje. Mama anajifungia, anapata faragha yake, na sisi tunalala.

Bafuni niru ilichongwa kwa patasi ikawa mikwaruzo, mteremko wa maji ukarekebishwa, akawekewa benchi la zege la kuketi. Maji yako kwenye jerikeni ya lita tano yenye bomba, juu ya kibao, si ndoo ya kuinamia.

Jikoni tulifanya jambo dogo. Sigiri ilikuwa chini, tukaijengea meza ya matofali kiasi cha kuifikia ukiwa umeketi, karibu na dirisha ili moshi utoke. Mama akaanza kupika chai yake mwenyewe asubuhi. Wengine waliona ni kumchosha. Mimi niliona uso wake.

Kiti cha magurudumu kisinunuliwe kwa macho. Vile vya hospitali vyenye magurudumu madogo mbele hukwama kwenye mchanga na kokoto. Nje ya zege mama haendi kokote nacho. Kwa ardhi yetu vinafaa vyenye gurudumu kubwa mbele na umbo refu. Kiti kisichomtosha mtu humtoa vidonda vya kukalia, kwa hiyo lazima apimwe, na mto uwepo. Hospitali kadhaa za rufaa, Mbale na Mulago zikiwemo, zina karakana za vifaa vya viungo, na Katalemwa Cheshire Home iliyoko njia ya Gayaza, Kampala, hutengeneza vifaa vya namna hiyo. Waulizwe kabla ya kununua cha mitumba. Mwongozo wa vipimo vya majengo uliotolewa mwaka 2010 na UNAPD, umoja wa watu wenye ulemavu wa viungo, nao ni wa kutafutwa, umpe fundi wako mkononi.

Serikali usiitegemee kwa matofali. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020 inadai majengo yanayoingiwa na umma yafikike, na ni sheria ya kuishika hasa unapodai haki kwenye ofisi au kituo cha afya, lakini haimjengei mtu choo kwake. Ile ruzuku ya serikali kwa wazee, SAGE, wakati huo ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, ya waliotimiza miaka 80. Umri unaohesabiwa ni ule ulioandikwa kwenye kitambulisho cha taifa, kwa hiyo angalieni mapema kama mwaka wa kuzaliwa wa mzee wenu uliandikwa sawa.

Kazi yote ya nyuma, pamoja na choo, bafu na mlango wa chumba, ilitugharimu karibu shilingi za Uganda milioni moja na laki saba. Rampu ya mbele isiyotumika ilikuwa imekula zaidi ya laki nne. Ilituuma, na kuna ndugu waliokataa kuchanga tena baada ya hapo. Nasema hili kwa uchungu: katika ukoo wetu, mtu akifa lori la chakula linapatikana kwa siku mbili, ng'ombe anapatikana, mahema yanapatikana. Kuchangia choo cha mtu aliye hai ilichukua miezi ya kubembelezana. Tulichofanya mwishowe ni kuacha kuomba pesa kwa jumla. Kila ndugu alipewa kitu kimoja: huyu mifuko ya saruji, yule bomba, mwingine siku za fundi, na picha ya kitu chake ikatumwa kilipokamilika. Hapo wakatoa.

Kuna la kuwaambia wanaohudumia. Msimvute mgonjwa wa kiharusi kwa mkono uliolegea, hata kama ndio ulio karibu. Misuli haishikilii tena bega, linatoka mahali pake, na maumivu yake hayaishi. Wajukuu walifanya hivyo kwa upendo mpaka daktari wa mazoezi alipotukataza. Tunamfunga leso iliyokunjwa imara kiunoni, tunashika hapo, magoti ya anayeinua yakiwa yamekunjwa. Na akiketi kwenye kiti, kila nusu saa ainue makalio au aegemee upande, la sivyo vidonda.

Mpaka sasa kuna kilichobaki. Maji ya bati yanamwagikia moja kwa moja juu ya rampu ya nyuma, na msimu wa mvua ukungu wa kijani huota pale. Tunausugua kwa brashi ya waya na maji ya jiki kila wiki, lakini kinachotakiwa ni mfereji wa bati unaopeleka maji kwenye tangi. Mpwa wangu anakaza bolti za vishikio kila mwisho wa mwezi, maana hulegea. Rampu ya mbele tumeanza kuibomoa, na yule fundi wa pili amepima: kwa kuzungusha njia kando ya ukuta, ikiwa na kituo cha mita moja na nusu mahali pa kukata kona, mita tano zinapatikana bila kugusa ua. Mama ndiye aliyeiomba safari hii. Anataka kukaa varandani jioni na kwenda kwa jirani bila kuzunguka chooni.